Nyumba imesimama, kumalizia ndo kazi: nyumba na karakana ya shamba, huku Malindi

Huku kwetu mtu akishaezeka tu anapiga picha, anawatumia jamaa zake wote, alafu anatulia akidhani yaliyobaki ni madogo madogo. Nami nlikuwa hivo hivo. Kumbe kuezeka ni nusu ya safari na hio nusu ya pili ndo inakula pesa kimyakimya, leo bawaba, kesho msasa, kesho kutwa kipande cha paipu ambacho fundi alisahau kukwambia na sasa ni saa kumi na moja jioni na maduka ya hadwea mjini yanafunga. Nimemalizia nyumba ya vyumba vitatu na karakana ya mita 6 kwa 10 pale Ganda, nje kidogo ya Malindi, na vitu vingine nimevifanya mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nlivifanya kijinga. Naandika vile kazi inavyofaa kufuatana kwa mtu anayejenga shamba huku Pwani, si bara, manake huku maadui ni watatu, chumvi, unyevu na mchwa, na hakuna hata mmoja anayechoka.

Karakana kwanza, nyumba baadaye

Najua mama watoto hatafurahi kusikia hivi, wangu alinuna wiki nzima, lakini maliza karakana kwanza. Sababu ni rahisi, ukiwa na chumba kimoja chenye paa, sakafu, umeme na kufuli, basi milango, fremu, grili na makabati ya nyumba utayatengenezea hapo hapo, simiti ina pa kulala, mbao zina pa kukaukia, na fundi hana sababu ya kukwambia "boss leo jua kali." Simiti ipange juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na usinunue ya miezi sita mbele kwa sababu hewa ya huku ina maji, ndani ya miezi mitatu tu gunia linaanza kushika mabonge. Bonge likivunjika kwa vidole bado kuna nafuu. Likikataa, hio kajazie shimo la nguzo ya seng'enge, usiipeleke ukutani.

Kama bado hujachagua pa kuiweka, iweke magharibi ya nyumba. Hili hakuna aliyeniambia, nlilifahamu baada ya kukaa mwaka mzima. Kusi inapiga kutoka kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini mashariki, na upepo wa bahari wa mchana nao watoka mashariki, kwahivo karibu mwaka mzima vumbi la randa, moshi wa kuchomea na cheche za grinda zinaelekea upande wa magharibi. Ukiwa na banda la makuti upande huo umejichimbia kaburi. Makuti makavu hayasubiri kuambiwa, cheche moja inatosha, na wakati unatafuta ndoo paa lishakwenda. Kazi ya moto ifanyike chini ya mabati, mbali na makuti, na ndoo mbili za mchanga ziwe mlangoni zikiwa na mchanga kweli, si zile zinazogeuka kuwa pipa la vifuniko vya soda.

Sakafu ya karakana usiiremberembe. Hadikoo, yaani mawe ya kujazia chini, ishindiliwe vizuri, nailoni juu yake kuzuia unyevu, alafu zege ya sentimita 10, simiti moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne, na mwinamo wa sentimita moja kila mita kuelekea mlangoni ili ukiosha maji yajue njia. Usipige niru humo, ile simiti tupu inayosuguliwa juu ya sakafu hadi inang'aa. Niru na vumbi la mbao ni kama kutembea juu ya sabuni, iache na mistari ya ufagio.

Meza ya kazi watu wanaipima kwa macho alafu wanalalamika mgongo. Simama wima na viatu vyako vya kazi, ning'iniza mkono, pale kiganja kinapoanzia ndo urefu wa meza. Kwa wengi inatoka kati ya sentimita 85 na 90. Juu weka ubao mnene wa sentimita 5, mwembe unatosha na huku unapatikana bei ya wastani, na mwarobaini (wengine wauita mkilifi) ni mgumu na wadudu hawaupendi sana. Jiriwa, kile chuma cha kubania kazi, ifungwe juu ya mguu wa meza, si katikati, la sivo ukipiga nyundo meza nzima inacheza chakacha. Madirisha yaangalie kaskazini na kusini kwa sababu jua la huku linapita karibu juu ya kichwa mwaka mzima, ukuta wa mashariki na wa magharibi ndo unaochomwa.

Umeme na paipu kabla ya mwiko

Hapa usikubali fundi wa plasta akuharakishe. Konduti zote, maboksi ya soketi na swichi, paipu za maji na za maji machafu, ziwe ndani ya ukuta na zimejaribiwa kabla tope la kwanza halijarushwa. Kwa kawaida taa huenda na waya wa milimita mraba 1.5, soketi 2.5, na mashine ya kuchomea ipewe laini yake peke yake kutoka kwenye boksi kubwa, nyingi za nyumbani zinaenda na waya wa 6 na breka yake, lakini hio hesabu aipige fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, kulingana na mashine na urefu wa laini. Shemeji yangu alichomeka mashine kwenye soketi ya jikoni, plagi ikayeyuka kama peremende.

Ethi nayo, ile waya na fimbo ya kuupeleka umeme uliovuja ardhini, watu wanaidharau. Ardhi yetu ni mchanga au mwamba wa matumbawe, kiangazi inakauka kabisa, na fimbo ya ethi kwenye ardhi kavu ni pambo tu. Ichomekwe ndani sana, mahali penye unyevu, mimi yangu iko karibu na pale maji ya bafuni yanapomwagika nje, na fundi aipime kwa mita, si kwa imani.

Paipu zijaze maji, ziba kila mdomo, acha usiku kucha. Asubuhi tembea ukitazama. Alafu, hii ndo ya muhimu kuliko zote na haina gharama, piga picha kila ukuta na futi ya kupimia ikiwa imewekwa ukutani. Miaka miwili baadaye unataka kutundika kabati, utajua waya umepita wapi.

Plasta: hapa ndo nlipigwa

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndo nlichezwa. Nlinunua lori la mchanga kwa mtu mmoja, bei nzuri, mchanga mweupe mzuri unang'aa. Sikuuliza umetoka wapi. Maji nayo nlitoa kwenye kisima cha jirani ambacho sote twajua yana chumvi, hata chai yake haina raha. Kuta zilipendeza miezi minne. Mvua za masika zilipokuja, ukuta wa sebule ukaanza kutoa unga mweupe, ukiufuta kesho umerudi, alafu rangi ikavimba mapovu na kubanduka kama ngozi iliyochomwa na jua. Chumvi ikishaingia ndani ya plasta huwezi kuipaka rangi ikanyamaza, kila ikinyonya unyevu inatoka tena. Nlibomoa ukuta mzima.

Kwahivo mchanga uwe wa mto, na hata wa mto uangalie. Mchanga wa Sabaki uliochotwa huko juu ni sawa, ule wa karibu na mdomo wa mto ambako bahari inaingia maji yakijaa, huo una chumvi. Weka chembe ulimini, usione haya, mafundi wa zamani wote wanafanya hivo. Alafu chukua chupa ya plastiki, tia mchanga kama sentimita 10, jaza maji, tikisa, iache masaa kadhaa. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka la uji, likikaribia sentimita moja huo ni mchafu, uoshe au urudishe. Sabaki inabeba udongo mwingi, ndo maana bahari ya Malindi mvua zikinyesha inageuka rangi ya chai ya maziwa, kwahivo usishangae. Maji yawe ya bomba au ya mvua.

Mchanganyiko wa nje mimi nafanya simiti moja kwa mchanga nne. Gunia la kilo 50 ni kama nusu ya wilbaro, kwahivo gunia moja kwa wilbaro mbili za mchanga, zikiwa zimejaa sawasawa na si mlima. Kwa unene wa milimita 15 utapata kama mita mraba 8 ukuta ukiwa umenyooka. Ukiwa haujanyooka, utalipia dhambi za fundi wa mawe kwa kila gunia. Kwa ndani naipenda zaidi ile ya simiti moja, chokaa moja, mchanga sita. Chokaa inafanya tope liwe laini kwenye mwiko, na ukuta haupasuki nyufa za nywele ovyo. Nyumba za zamani za mji wa Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, hamna hata gunia la simiti, na ziko pale hadi leo na mji wenyewe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Sisi twataka kila kitu simiti tupu kwa sababu inakauka haraka.

Mawe yetu ya machimbo yanakunywa maji kama ngamia. Usiporowesha ukuta, jiwe linafyonza maji yote ya plasta na linabaki na unga tu mgongoni. Rowesha jioni, rowesha tena asubuhi, subiri maji yasiwe yanachuruzika, rusha kwanza tope jepesi lenye simiti nyingi lishike kama kipele, kesho yake ndo upige plasta yenyewe. Anza juu, teremka chini. Baada ya hapo, siku saba mwagia maji asubuhi na jioni, na wakati wa kaskazi jua likiwa kali tundika magunia yaliyorowa upande wa magharibi.

Ule ukuta niliobomoa alikuja kuupiga upya mzee mmoja wa Lamu, mtu wa maneno machache. Siku ya kumi akapita akigonga ukuta kwa kishikio cha mwiko, tk tk tk, sikio karibu na ukuta kama daktari. Sehemu moja chini ya dirisha sauti ikabadilika, ikawa po po. Akanitazama. "Mwanangu, hapa pana mtungi mtupu, bomoa." Mimi naona ukuta mzuri kabisa, nkamwambia mzee si tuuache tu. Hakunijibu, akachukua patasi akaubomoa mwenyewe, na kweli nyuma yake palikuwa na vumbi, jiwe halikushika kitu. Tangu siku hio silipi plasta kabla sijaigonga.

Sakafu ya nyumba

Taelsi ni nzuri kama una pesa, lakini kwa nyumba ya shamba mimi natetea niru. Ni baridi mguuni, inasafishika, na ikipasuka hujui kama imepasuka au ni umri. Siri yake ni kwamba ipigwe siku ile ile, lipu ya sakafu ya sentimita 4 ikiwa bado na unyevu, si kesho yake, kwa sababu ukingoja ikauke niru itakaa juu kama ngozi ya maziwa na itabanduka. Ukitaka nyekundu changanya oksaidi na simiti ikiwa kavu, vyote vya sebule kwa mara moja, ukichanganya kidogo kidogo kila chumba kitakuwa na nyekundu yake. Chumba kikubwa kigawe kwa vipande vya kioo au plastiki kila mita tatu hivi, ufa ukija ufuate mstari wako. Ikishakamata, zungushia tuta dogo la mchanga mlangoni, mwaga maji yakae juu wiki nzima. Watoto wangu waliogelea sebuleni.

Kabla ya kumwaga sakafu dawa ya mchwa iwe ishapigwa, ukisahau hapo huna nafasi nyingine ya maana. Na nguzo za baraza zisizame ardhini, zikae juu ya kigutu cha zege na kiatu cha chuma. Kwa paa la baraza mimi nimetumia mvinje, imepandwa mashamba mengi kuanzia huku hadi Gede, lakini itoe maganda yote kabla hujaipandisha, dumuzi, wadudu wanaotoboa mbao, hujificha humo chini ya ganda. Boriti za mikoko ni nzuri zaidi, ila hakikisha anayekuuzia ana kibali cha huduma ya misitu, usije ukazipoteza njiani. Makuti nayo yanataka mwinamo mkali, nyuzi 45 au zaidi, yakilala maji yanakaa na yanaoza kabla ya siku zake.

Milango, grili na kutu

Mbao zikifika ziweke karakana wiki tatu, zimepangwa na vijiti katikati hewa ipite. Mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi mwezi wa pili utapungua hadi paka apite, na uliobanwa sana utavimba masika na mtafunguliana kwa teke. Acha nafasi ya milimita 3 kila upande, na ukipaka vanishi paka ukingo wa juu na wa chini pia, hapo hapaonekani lakini ndo unyevu unapoingilia. Milango itundikwe baada ya sakafu kwisha. Najua fundi atataka kuitundika mapema ili alipwe, mkatalie kwa upole.

Bawaba, komeo na skrubu za upande wa bahari ziwe shaba au stenlesi, na angalia skrubu kwa sumaku kama unashuku maana nyingi ni chuma kilichopakwa rangi tu. Grili ukishachomea, gonga maganda yote ya moto, piga brashi ya waya, osha kwa maji matamu, ikikauka paka praima siku ile ile. Ukiiacha ilale nje usiku mmoja, asubuhi ishaota kutu ya rangi ya chungwa na hio kutu ukiipakia rangi juu yake umeifunika blanketi tu. Praima mara mbili, hata mgongoni, hata kwenye ncha zinazoingia ukutani. Mabati vile vile, uliza geji, ile namba ya unene, na kumbuka namba ikiwa ndogo bati ni nene, 28 ni nene kuliko 32, na karibu na bahari chukua yenye aluzinki, koti la alumini na zinki.

Rangi

Haraka haraka hapa. Subiri plasta siku 28. Si wiki mbili. Wakati mzuri ni Januari hadi Machi kabla ya masika, na mvua za Aprili hadi Juni usiguse rangi ya nje kabisa. Ukuta unaoangalia kusini mashariki ndo unaopigwa na mvua ya kusi na kuota ukungu mweusi, huo upe rangi ya nje ya uhakika na koti tatu, zingine mbili zatosha. Kabla ya koti la mwisho njoo usiku na tochi, ilaze bapa kwenye ukuta, kila bonde na kila alama ya rola itajitokeza, zungushia penseli, kesho urekebishe.

Maji ya mvua, na mzunguko wa mwisho

Karakana yangu ina paa la mita mraba 60. Kila milimita moja ya mvua kwa mita mraba moja ni lita moja, kwahivo mvua ya milimita 10 ni lita 600, toa zinazorukaruka na kuvuja, unabaki na kama 500. Mvua moja tu hio. Kwa mtu ambaye kisima chake kina chumvi hili si la kungoja. Gata iiname sentimita moja kila mita mbili, weka paipu ya kumwaga maji ya kwanza yenye mavi ya ndege na vumbi, na mdomo wa tangi ufungwe wavu wa mbu. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano, lisikae juu ya matofali manne, lijengewe kitako cha zege kilicho bapa. Choo cha shimo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, kwa sababu mwamba wetu wa matumbawe una matundu na maji yanapita humo bila kuchujwa.

Pande zote za nyumba piga ukanda wa zege wa sentimita 60 unaoinamia nje, matone ya paa yasichimbe msingi na mchwa wakitaka kupanda uwaone wakijenga njia yao juu yake. Usipande maua kwenye ukuta.

Mvua ya kwanza ikianza, hata kama ni saa nane usiku, toka na mwavuli na chaki. Zunguka nje uone maji yanaelekea wapi, alafu ingia ndani uweke alama kila palipo na tone kabla hapajakauka. Mimi nlikuta tone moja tu karakana, skrubu ya paa iliyopigwa kando ya mbao, na likawa linadondoka sawasawa juu ya jiriwa mpya.